Mwanafunzi ajikague mwenyewe: mwongozo kamili kwa mwalimu (na mzazi), kutoka hapa Moshi

Wiki ya kurudisha pepa za midterm mi naijua kwa sauti. Ukishagawa tu, karatasi zinageuzwa zote kwa pamoja kutafuta ile namba nyekundu ya juu, huyu anaguna, yule anachungulia ya jirani, mmoja kule nyuma anacheka kwa nguvu kumbe ana 19, alafu pepa inakunjwa mara nne inaingia kwenye begi na hapo ndo mwisho wake. Mwaka juzi nilinunua karanga pale stendi, nikafungiwa kwenye karatasi, kuifungua ni pepa yangu ya fizikia fomu tuu, mwandiko wangu mwekundu umejaa chumvi. Zile pepa nilikesha siku tatu nazisahihisha, aisee.

Nafundisha fizikia na hesabu sekondari ya kutwa hapa Moshi, darasa moja lina watoto 62. Haya ninayoandika nimeyajaribu miaka minne sasa, mengine yamekubali na mengine yamenigomea, nitasema yapi. Dada yangu ana tuisheni ndogo Arusha upande wa Sakina, naye anayatumia na watoto kumi na tano, kwa hiyo ukubwa wa darasa sio kisingizio. Mzazi usiondoke, sehemu yako iko huko chini.

Kwanza tuelewane shida iko wapi. Muulize mwanafunzi aliyefeli atafanya nini muhula ujao, wote wanajibu kama wameambizana: "Nitaongeza bidii, madam." Bidii ya nini sasa? Alisoma notisi mara mbili akapata 31, muhula unaofuata anasoma notisi zile zile mara nne anapata 33, hapo anaanza kuamini kichwa chake ni kizito. Wenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya kahawa na migomba) watanielewa, kahawa imepigwa na chulebuni, buni zinaoza mtini, we unaenda kuongeza samadi. Samadi haina ubaya, ila huo mti hauumwi njaa.

Na sio kosa la mtoto, tumemlea hivyo. Tangu darasa la kwanza kazi ya kujua kama umeelewa ni ya mwalimu, mtoto yeye anasubiri tu vema au kosa. Kinachokosekana wataalamu walikipa jina refu la metakognisheni, Mmarekani John Flavell ndo alilileta miaka ya 1970, we ukitaka liite kujikagua inatosha. Kabla hujasoma unajua unaenda kutafuta nini, ukiwa unasoma unasikia kama inaingia au haiingii, ukimaliza unaangalia imekuwaje alafu UNABADILISHA kitu. Hilo la mwisho ndo linarukwa kila siku. Nimeona shule zinawajazisha watoto fomu za kujitathmini, mtoto anaweka tiki "naelewa kiasi" kwenye mada zote kumi, fomu inaenda kabatini na Jumatatu anasoma vile vile alivyosoma Ijumaa.

HATUA YA KWANZA: FIMBO KAA MBALI NA HILI DAFTARI

Daftari ninalolisema ni dogo la kujikagua, kila mtoto analo lake na humo anaandika kwa ukweli asichokijua. Na kuhusu fimbo hapa nazungumzia ufundi tu, mjadala wa fimbo wenyewe tuuache siku nyingine. Huwezi kumwambia mtoto aandike kwa ukweli asichokijua wakati jana kwa kutokukijua hicho hicho alikula viboko. Ataandika uongo, na mi ningekuwa yeye ningeandika uongo.

Mimi hapa niliharibu vibaya sana mwaka wa kwanza. Kijana mmoja aliandika kwenye daftari lake "sijui kugawanya desimali tangu darasa la tano". Nikafurahi, nikaisoma mbele ya darasa kwa nia njema kabisa, "mnaona mwenzenu alivyo mkweli?" Darasa likaangua kicheko, na kuanzia siku ile yule kijana jina lake likawa Desimali mpaka kwenye timu ya mpira. Ijumaa iliyofuata nikakusanya madaftari, yote yameandikwa "nimeelewa vizuri". Yote! Ilinichukua muhula mzima kuwarudisha.

Kwa hiyo saivi sheria naziandika ukurasa wa kwanza na wao wananakili: halisomwi kwa sauti, halina maksi, hamna adhabu kwa kilichoandikwa humu, na sipeleki kwa mwalimu mwingine wala mzazi bila mwenyewe kukubali. Alafu naanza mimi. Naandika ubaoni kosa langu la wiki, kwa mfano "presha nimefundisha mbio, zaidi ya nusu yenu mmekosa swali la 4, kesho narudia na tofali". Na kesho naleta tofali kweli na beseni la mchanga, nalilaza, nalisimamisha, wanaona lile lile lililosimama linavyozama zaidi. Wakishaona mwalimu amekosea, amesema, na amebadilisha, maneno mengi hayahitajiki tena.

Daftari lenyewe usiwasumbue wazazi. Daftari la kawaida linakatwa katikati kwa wembe na rula, linatoa mawili, nusu yake jirani. Dogo linaenea mfukoni na halichanganyiki na ya notisi.

HATUA YA PILI: RUDISHA PEPA BILA MAKSI

Hii ndo wanayoichukia kuliko zote na ndo ninayoipenda. Nasahihisha kama kawaida, maksi naziingiza kwenye kitabu changu, ila kwenye pepa naacha vema, kosa na neno moja mawili, "angalia yuniti", "umeanza vizuri mpaka hapa". Namba ya juu hamna. Maksi wanapewa kipindi kinachofuata wakishamaliza uchambuzi.

Kuna utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, uliofanyika Israeli, alikuwa na makundi ya wanafunzi: wengine walipewa maksi tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndo walifanya vizuri kazi zilizofuata. Waliopewa vyote viwili maoni hayakuwasaidia, macho yalishaenda kwenye namba. Mi nilikuwa nasoma hiyo nikakumbuka ile karatasi ya karanga.

Siku ya kwanza watalalamika, wengine watahesabu vema wenyewe kwa vidole, waache. Kama shule yako inalazimisha maksi zionekane kwenye pepa basi ziandike nyuma, ukurasa wa mwisho, angalau apite kwenye makosa yake kwanza ndo azifikie.

HATUA YA TATU: HERUFI TANO

Kila swali lililokosewa linawekewa herufi pembeni kwa penseli. S ni sikujua, mada yenyewe haijawahi kuingia. N ni nilijua nikasahau. L ni lugha, yaani jambo nalijua ila swali sikulielewa. K ni kizembe, nilijua nikateleza njiani. M ni muda uliisha. Penseli ni makusudi, utaona kwa nini.

L ni ugonjwa wetu hasa. Mtoto amesoma kwa Kiswahili miaka saba, fomu wani anageuziwa kila kitu kwa Kiingereza, alafu tunamshangaa. Swali likisema "state" anaandika aya nzima anamaliza muda, likisema "explain" anaandika maneno matatu, likisema "differentiate" anaeleza kitu cha kwanza kivyake na cha pili kivyake bila kuvigonganisha, anapewa nusu. Huyu hajafeli fizikia. Ukimwambia "soma zaidi fizikia" umempa dawa ya tumbo na yeye anaumwa jino.

Sasa K. Hii ndo herufi ya uongo. Mara ya kwanza kufanya hili zoezi ukipita darasani utakuta kila mtu ni K, K, K, maana kizembe hakiumi, kizembe maana yake mi nina akili ila nilisinzia kidogo tu. Ndo maana nina kanuni mbili. Ya kwanza, K inathibitishwa, unarudia swali bila daftari, ukilipata ni K kweli, ukilikosa futa. Ya pili, K ile ile ikitokea mara tatu kwenye pepa tofauti sio kizembe tena, hiyo ni S imevaa koti. Nilikuwa na kijana kila mahali penye alama ya kutoa nje ya mabano anaharibu, -3(x - 4) kwake ni -3x - 12, jaribio la Februari, la Machi, midterm, na kote kaandika "haraka". Tulipoziweka pepa tatu mezani pamoja akaona mwenyewe kwamba hana haraka yoyote, hajui tu kwamba hasi mara hasi ni chanya na jibu ni -3x + 12.

Ngoja niwape moja nzima niliyoiona kwa macho yangu, maana hapa ndo utamu ulipo. Swali: nguvu ya niutoni 50 inakandamiza eneo la sentimita za mraba 25, tafuta presha. Binti mmoja kapata 200, pembeni kaandika K. Nikamwambia sawa mama, kama ni kizembe rudia hapa hapa mbele yangu. Akagawanya 25 kwa 100 akapata 0.25, akachukua 50 akagawanya kwa 0.25, 200 tena, anatabasamu kabisa. "Madam, ni ile ile."

Nikampa rula ya ubaoni nikamwomba achore mraba wa mita moja kila upande, alafu aniambie vimraba vya sentimita moja vingeingia vingapi humo ndani. Upande mmoja 100, akasema. Wa pili 100. Akanyamaza. Nikanyamaza na mimi, na hii kwa mwalimu ni kazi ngumu kweli, mdomo unawasha. Ikapita kama dakika nzima, kuna mtu nyuma akataka kumsaidia nikamkata jicho. "Elfu kumi?" akasema taratibu kama anaogopa. Basi akarudi kwenye karatasi, 25 kwa 10,000 ni 0.0025, na 50 kwa 0.0025 ni paskali 20,000. Akaiangalia ile 20,000 na ile 200 yake. Akachukua ufutio, akafuta K, akaandika S, na chini yake akaongeza kwa Kiswahili: "presha naijua, nisichokijua ni eneo".

Hicho kisentensi ndo tunachokitafuta kwenye mwongozo huu wote. Sio mimi niliyemwambia shida yake iko wapi. Na angalia imekuwa ndogo kiasi gani, jana alikuwa hajui fizikia, leo hajui kubadilisha yuniti za eneo, kitu cha nusu saa.

HATUA YA NNE: KILA HERUFI NA DAWA YAKE

Ukiishia kwenye herufi umefanya mchezo wa kuweka alama tu. Hapa ndo mtoto anabadilisha namna anavyosoma, na dawa hazifanani.

Wa N nyingi, anayesahau, kwa kawaida ndo yule yule anayesoma notisi tena na tena, na haka kaugonjwa kanadanganya kwa sababu ukisoma kitu mara ya tatu kinateleza vizuri machoni, unasikia unakijua. Kukiona unakitambua ni tofauti na kukitoa kichwani karatasi ikiwa nyeupe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka akichapisha matokeo 1885, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni alafu kasi inapungua. Na mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari, wengine wakakisoma tena, wengine wakafunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki mambo yamegeuka, waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Mi nawaambia wanangu hiyo ya dakika tano ndo inayowaponza, unajipima ukiwa bado umeshika daftari.

Namna ya kufanya: daftari linafungwa, karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kuhusu mada, chora na michoro, hata kama ni mistari minne. Ukikwama kabisa fungua, yaliyokosekana yajaze kwa peni ya rangi nyingine. Hiyo rangi nyingine ndo ramani yako. Urudie kesho kutwa, alafu baada ya wiki, alafu baada ya mwezi, na ile rangi ya pili inatakiwa ipungue kila ukirudi. Wanaolala bwenini wafanye prepo ya jioni, robo saa tu ya mwanzo kabla hawajafungua chochote.

Wa S anatakiwa ashuke ngazi mpaka afike anapopajua, hata kama ni hesabu za darasa la sita, bila aibu. Na nimekataza kuja kwangu na neno "sielewi". Njoo na swali moja umelianza, uniambie "naelewa mpaka mstari wa tatu, huu wa nne umetokea wapi". Nusu yao wakiwa wanatafuta huo mstari wanajikuta wameelewa, hawaji tena, nami nakunywa chai yangu kwa amani.

Wa L anatengeneza ukurasa wa maneno ya maswali nyuma ya daftari, kila neno na linachodai. Tofautisha maana yake chora safu mbili, kila mstari hiki dhidi ya kile. Eleza maana yake weka na "kwa sababu". Achukue pasti pepa asifanye maswali, asome tu swali na aandike kwa Kiswahili linataka nini na linataka vitu vingapi, maswali kumi dakika kumi na tano. Baadhi ya walimu watakwambia unawadekeza kwa Kiswahili, we waache waseme.

K ya kweli inataka orodha ya mitego yangu, isizidi mitano, inasomwa dakika moja kabla ya pepa na dakika tano za mwisho. "Kagua kazi yako" hamna anayejua inafanywaje. "Angalia alama ya kutoa mbele ya mabano" hiyo inafanyika. M ni kufanya pepa nzima kwa saa, basi, hamna uchawi mwingine, aanze na anayoyaweza na asing'ang'anie.

HATUA YA TANO: ABASHIRI

Kabla ya kukusanya jaribio, pembeni ya kila swali anaandika anadhani atapata ngapi. Inakula dakika mbili. Ukirudisha analinganisha. Nimeona kwangu wale wa chini wanajipa maksi za kutosha kabisa na wale wazuri wanajiibia, binti wa 80 anabashiri 55, anajitesa usiku kucha na mada anazozijua. Wote wawili wanapoteza muda, mmoja haendi panapovuja na mwingine anaziba pasipovuja. Baada ya majaribio manne matano pengo linapungua. Usimpe zawadi wala usimcheke aliyekosea kubashiri, ukifanya hivyo watabashiri kukufurahisha wewe.

HATUA YA SITA: KITU KIMOJA KWA WIKI

Mipango ya wanafunzi inachekesha. Ratiba ina rangi, imebandikwa ukutani, saa kumi alfajiri kemia, saa kumi na moja baiolojia, saa moja jioni mpaka saa tano usiku hesabu, na huyo mtoto anatoka Uru kwa mguu, akirudi anakata majani ya ng'ombe, anachota maji, anapika ndizi, na umeme unaweza kukatika muda wowote. Ratiba inakufa Jumatano na yeye anaongeza "mvivu" kwenye orodha ya sifa zake.

Kwangu mpango ni sentensi moja na unashikizwa kwenye kitu anachokifanya tayari kila siku: "Nikishatua majani, kabla sijaoga, natoa kichwani mada moja kwenye karatasi." Yule wa Pasua anayepanda daladala: "Nikikaa kwenye gari nasoma maswali matatu niliyoyaandika kwenye kadi." Mwingine anauza duka la mama yake, kaandika "mteja akitoka nafanya hesabu moja", nikamwambia jaribu, mi nilijua haitafanya kazi. Ilifanya kazi vizuri sana, nikatulia.

Kimoja tu. Akitaka viwili kataa. Akibadilisha vitu vinne kwa mpigo alafu maksi zikapanda hatajua ni kipi kilichosaidia, na zikishuka hatajua ni kipi cha kuacha.

HATUA YA SABA: IJUMAA DAKIKA KUMI

Kipindi cha mwisho Ijumaa, kabla ya usafi. Maswali matatu, mistari michache. Nilichosema nitafanya nimekifanya mara ngapi? Kuna ushahidi gani kimesaidia? Wiki ijayo naendelea, narekebisha, au naacha?

Hilo la ushahidi ndo la kulipigia kelele. "Nahisi nimeelewa" sio ushahidi. "Jumatatu rangi ya pili ilikuwa mistari tisa, leo mitatu" huo ndo ushahidi. "Nimerudia swali la 6 la midterm bila kuangalia nikapata" huo pia. Na kama hajafanya kabisa, hamna kugomba, unauliza tu nini kilizuia, mara nyingi ni muda ulichaguliwa vibaya, unausogeza. Watoto wengi hawajawahi kuambiwa kwamba unaruhusiwa kuacha njia isiyofanya kazi, wanadhani kuacha ni kushindwa. Mmoja aliandika "nimeacha kusoma usiku, nasinzia, nimehamia asubuhi kabla ya namba", mstari mmoja tu, lakini huyo ameshajifunza kazi.

Kuhusu kukagua madaftari 62, usijaribu, utaacha ndani ya wiki tatu. Nachukua kumi na mbili tu kila Ijumaa, mstari kwa mstari wa madawati, na kila daftari naandika swali moja, sisahihishi. Wengine wanabadilishana na mwenzi wa kudumu waliyemchagua wenyewe. Akikataa kuonyesha, ni haki yake.

KWA MZAZI

Huku kwetu swali la kwanza nyumbani ni "umekuwa wa ngapi?" Nalielewa, na mi niliulizwa. Ila mtoto anaweza kuwa wa tano kwa sababu wenzake wameshuka, na anaweza kuwa wa thelathini huku amepanda maksi kumi na tano. Jaribu hili badala yake: "Nionyeshe swali moja ulilokosa mwezi uliopita ambalo saivi unaliweza." Akae akufanyie hapo mezani. Huhitaji kujua fizikia, mama yangu hakufika fomu wani na hili lingemfaa kabisa, unaangalia tu kama anaeleza bila kubabaika. Akikwama usimuite mjinga, muulize "unaelewa mpaka wapi?"

Kama yuko bweni, siku ya kutembelea ukishampa mahindi ya kuchoma na sabuni, omba hilo swali moja. Daftari lake usilifungue bila ruhusa, nimeshaeleza kwa nini.

FOMU FOO, MUDA UMEISHA

Nikiulizwa mwezi wa tisa, mtihani wa taifa ni Novemba, tuanze haya yote? Hapana. Chukua pepa za moko (mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa), fanya hatua ya tatu na ya nne tu, alafu mfundishe mtoto kuchagua. Gredi C inaanzia 45, D inaanzia 30, na divisheni inahesabiwa kwa masomo saba bora. Pointi zikiwa chache ndo vizuri: mtoto mwenye pointi 22 yuko divisheni three, 21 ni two. Kama kwenye hayo saba kuna somo ana 43, maksi mbili zinamgeuza D kuwa C, pointi inapungua moja, divisheni inabadilika. Sasa huyo anaenda wapi na jioni zake, kwenye lile la 43 lenye L tano na K nne, au kwenye lile la 15 ambalo ni S kuanzia juu mpaka chini? Mi jibu ninalo lakini simpi. Namwekea pepa zote saba mezani, herufi zake zimeshaandikwa, namuuliza "ungekuwa mwalimu wako mwenyewe ungefanya nini?" na nanyamaza tena.

Wengine wanachagua tofauti na nilivyotaka, wanachagua somo wanalolipenda. Namwacha aende nalo wiki mbili, ushahidi tutauangalia Ijumaa.

YALIYONIGOMEA

Kundi la WhatsApp la kutuma picha za madaftari, likageuka la vichekesho na salamu za asubuhi. Kufanya kila somo kwa wakati mmoja, walimu wenzangu watatu wakaanza pamoja nami, mtoto akawa na madaftari manne ya kujikagua, akachoka, wakaacha yote. Anza na somo lako. Na kuna watoto wawili watatu kila mwaka ambao daftari linabaki tupu mpaka Desemba, nimejaribu kubembeleza, nimejaribu kununa, saivi nakaa nao tu dakika tano baada ya kipindi tunafanya herufi kwa mdomo, mi ndo naandika.

Kama uko katikati ya muhula usisubiri Januari. Tafuta pepa ya mwisho waliyofanya, ile ambayo haijafika kwa wauza karanga, na penseli.